Manjano Kwenye Rejeta

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, hukukosa raha yoyote. Ulikosa aibu yangu tu. Mimi Afiyat, mkwe wa kukaa kwa wakwe, nilichemsha gari katikati ya barabara ya mji wa Gilgit, huku kwetu milimani, nikiwa nimembeba bibi harusi.

Wapiga zumari walishuka wakaniangalia. Bibi harusi alishuka na shela lake, akapanda gari la Sartaj. Huyu Sartaj ni mwanyumba wangu, amemwoa Rozina, dada wa mke wangu, na Mungu alimuumba siku aliyokuwa amebakiwa na meno mengi, maana hajui kufunga mdomo.

Baba mkwe, Mzee Niat Shah, alikuwa kiti cha mbele na kofia yake ya sufu yenye unyoya. Alingoja mpaka tulipofika nyumbani.

"Gari hili nililichagua mwenyewe," akaanza. "Nimeendesha malori ya mpaka wa China tangu barabara ikiwa kokoto. Najua gari zima na gari bovu. Hili ni zima. Sasa bovu ni nini?"

Nikatazama matairi.

"Nakuuliza, bovu ni nini?"

"Labda maji ya rejeta yanavuja, Baba."

"Yanavuja wapi? Umeona tone?"

"Sijaona."

"Basi tafuta. Ijumaa ndugu wote wanakula hapa. Ukishindwa kunionyesha maji yanakwenda wapi, ufunguo anachukua Sartaj."

Nataka unielewe hapo. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, ana mabinti wawili. Kwa desturi yetu nyumba ya namna hiyo hutafuta mkwe atakayekubali kuhamia, alime viazi, apogoe miaprikoti, awe kijana wa nyumba. Nilikubali kwa sababu nilimpenda Nigar na kwa sababu kwetu tulikuwa ndugu wengi kuliko mashamba. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bonde zima liliniita bwana aliyeolewa, hata wanawake wakichuja siagi walikuwa na utani wao juu yangu. Waliacha siku niliyopewa ufunguo wa gari. Nikaanza kuitwa dereva. Nikinyang'anywa, narudi kuwa bwana aliyeolewa mpaka naingia kaburini.

Kwa hiyo nikatafuta.

Asubuhi nilifungua boneti. Maji yalikuwa yamepungua tena, na jana yake nilijaza mpaka mdomoni. Nikalala chali kwenye theluji, nikaingia chini. Mipira mikavu. Wota pampu kavu. Tangu jioni nilikuwa nimetandaza katoni la biskuti chini ya injini. Nikalivuta, nikaligeuza, nikalinusa. Halikuwa na hata doa.

Maji hayaruki angani. Yakipungua na chini hakuna tone, basi kuna mtu anayachota. Ndivyo nilivyofikiri, na mimi nikishafikiri jambo kama hilo huwa haling'oki.

Nikaona viatu vya ngozi vimesimama karibu na kichwa changu.

"Mwanyumba! Unasujudia gari?" Ni Sartaj. Msimu wa harusi huwa anatoka Gilgit na kuja kulala kwetu, anakula kama anahama.

"Natafuta maji."

"Kama ng'ombe!" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Ungejifunza gari kabla hujaolewa."

"Mimi nimeoa."

"Wewe? Hebu nikumbushe, kati yako na Nigar nani alibeba mizigo akahamia kwa mwenzake?"

Nilimwangalia mikono. Mikono safi, kucha zimekatwa. Mtu asiyegusa injini anakuja kufanya nini kwenye gari la mwenzake asubuhi na baridi yote hii?

Jioni ile niliingia kwenye kikapu cha Nigar cha kudarizi kofia, nikachukua uzi mwekundu. Nikauzungusha kwenye mfuniko wa rejeta na shingo yake, nikafunga. Anayefungua lazima aukate.

Asubuhi uzi ulikuwa umekatika.

Moyo ulinidunda kwa furaha, niseme kweli. Nilikuwa na mwizi! Nikafungua mfuniko niangalie alichoiba, na hapo furaha ikaniishia. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Lakini mdomo wa rejeta ulikuwa na ukoko wa rangi ya dhahabu. Nikaupitishia kidole, nikanusa.

Manjano. Yale yale ya kwenye mchuzi.

Kila dereva wa milima hii anaijua dawa hiyo. Rejeta ikitoboka mbali na fundi, unatia kiganja cha manjano, unga unavimba, unaziba tundu, unafika nyumbani. Ni dawa ya njiani. Ukifika unaisafisha, unaziba tundu kwa njia ya halali. Anayeitia kwa siri, gari likiwa limelala uani, anaficha kitu.

Na manjano hayatoki gereji, yanatoka jikoni.

Nigar alikuwa anakata tambi za supu. Nikasimama mlangoni.

"Mkebe wa manjano uko wapi?"

"Ulipo siku zote. Leo unapika wewe?"

Nikaufungua. Ulikuwa umebaki unga wa kuchafua kucha.

"Yamekwisha."

"Msimu wa harusi huu. Kila kitu kimekwisha, hata uvumilivu."

"Nigar, unatia nini kwenye gari langu?"

Kisu kikasimama.

"Rudia."

"Rejeta ina manjano. Niliufunga uzi, umekatwa."

"Uzi upi?"

"Mwekundu."

"Wa kwenye kikapu changu?" Akageuka mzima mzima. "Umechukua uzi wangu ukanitegea mimi?"

"Sikukutegea wewe. Nilimtegea mwizi."

"Na mwizi umempata, amevaa shungi, anakupikia supu! Afiyat, mimi nilikataa watu wenye nyumba zao, wenye mbuzi wao, nikakuchukua wewe usiye na hata jiwe la kukalia. Leo nikuharibie gari ili iweje? Sartaj apewe, halafu nipande nyuma na dada yangu nikipunga mkono?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kwa sababu pumzi imekuishia. Toka jikoni kwangu."

Nikatoka. Nilijua nimemkosea, na bado sikuacha kumshuku. Siku ile chai yangu iliwekwa mbali kiasi kwamba ilinibidi nitambae kuifikia, na mzee aliyaona yote, akanywa yake akimeza polepole.

Nikashuka mjini Aliabad kwa Fundi Daulat. Alifungua mfuniko, akaita gereji nzima.

"Njooni muone! Nani anapika humu ndani?"

Wakacheka. Nikacheka nao kidogo, kwa meno ya mbele.

Daulat akafunga pampu yake ya mkono kwenye shingo ya rejeta, akasukuma presha, tukatazama mshale wa kipimo chake. Mshale ulipanda, ukasimama, kisha ukaanza kuteremka. Akamulika huku na huku. Hakuna tone.

"Unaona? Presha inashuka, nje pakavu. Basi injini inayanywa yenyewe. Gasketi ya silinda hedi imekwisha. Tufungue injini."

"Moshi wangu si mweupe."

"Utakuwa."

"Oili haijachanganyika na maji. Iangalie, safi."

"Itachanganyika."

"Fundi, mbona ugonjwa wenyewe dalili zake zote zinakuja kesho?"

"Sasa wewe ndiye fundi?" Akanuna. "Liache hapa. Harusi zikiisha utalichukua."

Hapo pazia la chumba cha nyuma likafunguka, akatoka Sartaj na kikombe cha chai mkononi, kama yuko kwake.

"Daulat anajua kazi, mwanyumba. Mwachie tu," akasema, akanyoosha kiganja. "Nipe mimi ufunguo, nitampa."

Neno ufunguo likanitosha. Nilifunga boneti, nikapanda, nikaondoka na Daulat anapiga kelele nyuma kwamba pampu yake bado inaning'inia. Ikabidi nirudi nimpe pampu. Vicheko vya siku ile bado vimo masikioni. Na mpaka leo sijui kama wawili wale walikuwa wamepanga jambo au mpango wote niliutengeneza mimi kichwani.

Alhamisi nilipakia abiria wa Gilgit. Nilibeba na madumu ya maji, nimepanga kusimama kila kilima. Kiti cha mbele alipanda Bibi Gulsambar, mjane anayekwenda kutazamwa macho. Huyu bibi haoni vizuri, lakini alichopungukiwa machoni kimehamia ulimini.

"Hita yako inapuliza baridi," akaanza kabla hatujafika darajani.

"Vumilia, Bibi."

"Baridi naivumilia. Soksi zangu je? Umenikalisha kwenye mfereji?"

"Ni theluji ya viatu vya watu, Bibi. Inayeyuka."

"Theluji gani? Nimepandia mlangoni kwangu, nimepafagia mwenyewe. Halafu nikuulize, theluji ya siku hizi inanukia sharubati?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikanyaga breki, mayai ya mtu yakavunjika.

Wewe unayesoma kwenye joto utaniona mjinga, na labda ni kweli. Huku kwetu wakati wa baridi kila gari lina zulia bichi. Watu wanaingia na theluji miguuni, inayeyuka, jioni unakung'uta, hakuna anayetazama mara mbili. Kioo cha mbele nacho kilikuwa kinaota ukungu wa mafuta mafuta kila nikiwasha hita, nami nilikuwa nalaumu pumzi za abiria kwa sababu wakati wa harusi wanaimba njia nzima.

Nikazunguka mlango wa kushoto, nikamwomba Bibi ainue miguu. Pale chini palitandikwa zulia la singa za mbuzi, zito, na chini yake namda nene, mkeka wa sufu iliyoshindiliwa. Baba mkwe ndiye aliyelitandika, akaniambia nisilitoe, lina baraka za mama mkwe marehemu. Nikaliinua. Lilikuwa zito kama kondoo aliyetoka mtoni. Nikalikamua.

Yakatoka maji ya kijani, ya rejeta, yenye harufu tamu ya dawa ya kuzuia barafu, na ndani yake chembe za manjano.

Nilianza kucheka peke yangu pale barabarani.

"Anayachekea maji," Bibi Gulsambar akawaambia wa nyuma. "Watu walisema, kuhamia kwa wakwe kunaharibu akili."

Nilichukua bisibisi, nikafungua kibao cha chini ya dashibodi, nikaingiza kichwa. Hapo ndipo mpira wa maji ya moto ya injini unapoingia kwenye hita. Na pale kwenye kiungo palikuwa na kidonda chenye bendeji.

Namaanisha bendeji kweli. Mtu alikuwa amezungusha kitambaa kilichopakwa sabuni, akakikaza, akakifunga. Kitambaa kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwa ukuukuu, kimelegea, na maji yalikuwa yanatiririka ndani yake taratibu, yanaingia kwenye namda. Nyuma yake hita yenyewe ilikuwa imezibwa na manjano, ndiyo maana ilipuliza baridi.

Furaha ilinitoka mwilini yote kwa mara moja, kwa sababu nilikiona kile kitambaa kilivyofungwa. Ni fundo la madereva wa malori ya zamani, la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani. Nililifahamu. Nilifundishwa mimi, wakati wa kuvuna viazi, juu ya magunia, na mtu ambaye alinipiga kibao kila nilipokosea.

Na gari nilipewa baada ya mavuno. Bendeji ile ilikuwa imetangulia kuingia garini kabla yangu.

Nilingoja injini ipoe, nikachomoa mipira miwili inayotoka injini kwenda kwenye hita, nikaiunganisha yenyewe kwa kipande cha bomba ili maji yasipite tena ndani. Nikajaza rejeta. Abiria walikwenda Gilgit wakitetemeka na kunilaani kwa zamu. Mshale wa joto haukusogea, kwenda wala kurudi.

Ijumaa alfajiri nilijilaza kiti cha nyuma, nimejifunika mfarishi mpaka puani. Haikuchukua muda. Nilisikia viatu kwenye theluji, boneti ikafunguliwa polepole, kwa mkono unaojua bawaba zipi zinalia.

Nikashuka.

"Umeamkaje, Baba?"

Mzee Niat Shah aliganda na mkono juu ya mfuniko. Mkono wa pili alikuwa amefumba.

"Unalala garini siku hizi? Nigar amekufukuza?"

"Umeshika nini, Baba?"

"Dawa."

"Maji yalikuwa yanaingia ndani, kwenye hita. Chini ya zulia ulilonikataza kulitoa."

Akaondoa mkono kwenye mfuniko.

"Nimeliona na fundo."

"Limelegea?" akauliza, na niliisikia sauti yake, sauti ya fundi aliyeumia.

"Limelegea."

"Sabuni ya siku hizi mbaya." Akakaa kwenye bampa. Nilimwona amezeeka ghafla, unyoya wa kofia umelala. "Siku ninanunua gari hili nilisimama mbele ya watu wote. Nikasema mimi Niat Shah nikiisikiliza injini, naijua mpaka mama yake. Watu wakapiga makofi. Wiki ile ile nikakuta maji miguuni. Ningekwenda kwa nani? Kwa Daulat? Anicheke mpaka mpakani? Nikafunga. Ikilegea natia manjano. Malori yangu yalikwenda hivyo."

"Ukaniacha mimi nichekwe."

"Wewe wamekuzoea kukucheka."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Angenipiga ningesamehe upesi zaidi.

"Leo watu wanakuja kula," nikasema. "Utawaambia?"

"Umeyapata maji. Onyesha maji. Fundo halihusiki." Akainuka, akajipangusa. "Na ukilitaja, nitakana. Katika nyumba hii watamwamini nani?"

Akamimina manjano mfukoni mwa koti, akaingia ndani.

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. Nigar alikuwa anakanda unga wa mkate wa kokwa za jozi.

"Nisamehe," nikasema. "Si wewe."

"Kwamba si mimi nilijua."

"Ni baba yako. Yeye ndiye anayetia manjano. Gari lilikuwa linavuja, alijua."

Mikono yake ikasimama kwenye unga, kisha ikaendelea.

"Ulianza na mimi, sasa umemfikia baba. Kesho utamshuku mbuzi. Niletee maji ya kisima."

Nikaenda kuteka maji. Nikiwa na ndoo mkononi ndipo lilipokuja kichwani: alinidhihaki, lakini hakusema kuwa ni uongo.

Mchana nyumba ilijaa. Wanaume walikaa kuzunguka kitambaa cha chakula, wanawake upande wa jiko, Rozina mbele yao na bangili zake. Sartaj alikaa mkabala na mimi. Mzee alitoa ufunguo mfukoni akauweka kando ya sahani yake, ili kila mtu auone.

"Haya, Afiyat. Maji yanakwenda wapi?"

"Kwenye hita, Baba. Yalikuwa yanamwagikia ndani, chini ya zulia. Nimeunganisha mipira. Jana nimekwenda Gilgit na kurudi, halikuchemsha."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mjomba mmoja akasema, "Kijana amejitahidi." Mkono wa mzee ukasogea kwenye ufunguo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukunjua vidole vyangu.

"Ngojeni kidogo," akasema Sartaj, akipangusa mchuzi mdomoni. "Daulat ameniambia rejeta imejaa manjano kama sufuria ya pilau. Aliyetia manjano alijua kuna tundu. Alijua, akanyamaza, akampakia bibi harusi! Sasa niwaulize wazee wangu, ni nani anayeshika gari lile kila siku kama si dereva?"

Macho yote yakanigeukia.

Nilimtazama baba mkwe. Nilimngoja. Nilimpa nafasi mtu mzima aliyenilea kama kijana wa nyumba, aseme neno moja tu. Alikata mkate, akauchovya, akala.

Jina lake lilikuwa limeshanijaa kinywani.

"Ni mimi."

Aliyesema ni Nigar, amesimama na birika.

"Wewe?" Sartaj akacheka. "Mwanamke anajua nini habari za rejeta?"

"Mimi ni binti wa dereva, shemeji. Wewe baba yako aliuza vitambaa. Gari lilipoletwa, wiki ile ile niliona maji miguuni. Niliogopa litarudishwa kwa aliyeliuza. Nikawa natia manjano alfajiri, watu wamelala. Baba hakujua. Mume wangu hakujua."

"Ukaacha harusi ya binamu yetu iharibike?" Rozina akasema, bangili zikilia. "Ukaacha mumeo achekwe na dunia? Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu hamtaki mumewe. Anamtafutia njia atoke."

"Mwanamke anayemvunjia mumewe riziki hurudishwa kwao," akasema mjomba.

"Hapa ndipo kwao," mtu akamkumbusha. Hakuna aliyecheka.

Mimi sikuwa nawasikia vizuri. Nilikuwa nimebaki kwenye maneno mawili matatu ya Nigar. Wiki ile ile. Maji miguuni. Hayo mzee aliniambia mimi peke yangu, kwenye theluji, alfajiri ile ile, na mimi sikumwambia Nigar. Kwa hiyo ama alitusikiliza, ama alijua siku zote. Alijua nikilala chini ya gari. Alijua nikifunga uzi. Alijua bibi harusi akishuka barabarani na mimi nikiinamisha kichwa.

Au je, Nigar ndiye kweli? Mzee alikuwa na manjano mkononi mara moja niliyomwona. Za nyuma sikuziona.

"Aseme mumewe," mjomba akasema. "Yeye ndiye aliyedhulumiwa."

Baba mkwe akainua ufunguo. Akausukuma juu ya kitambaa mpaka mbele ya goti langu, lakini kidole hakukitoa.

"Mwanangu," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniita hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa yananiomba. "Sema mbele ya watu. Mkeo ndiye aliyetia? Sema ndiyo, na ufunguo huu ni wako mpaka nife."

Akaondoa kidole.

Nigar akainama kunimiminia chai. Shungi lake likatufunika mimi na yeye kwa kitambo, na akaninong'oneza sikioni.

"Sema ndiyo, Afiyat. Halafu usiniulize kitu tena maishani."